Nani Anamrudisha Nani? Uhakiki wa Neno Moja la Kiingereza

Maneno mengi makubwa ya Kiingereza hutufikia Watanzania darasani. Mwalimu anaandika ubaoni, mwanafunzi ananakili, mtihani unapita, neno linasahaulika. "Repatriation" halikutufikia hivyo. Kwa watu wa Heru Juu, na kwa Kasulu na Kibondo kwa jumla, neno hili lilikuja na malori, mahema na matangazo ya vipaza sauti. Muulize muuza ndizi sokoni maana ya "notwithstanding", atakutazama tu. Mtajie "ripatriesheni", naye atakuuliza: ya wapi tena, Nyarugusu au Nduta?

Blogu hii huhakiki riwaya, diwani na tamthilia. Leo naomba nafasi ya kuhakiki neno moja, kwa maswali yaleyale tunayoyauliza kuhusu riwaya. Limezaliwa wapi? Linampa nani nafasi ya kusema? Linamficha nani? Mimi ni mwandishi wa habari, na katika kazi yetu neno hili hutafsiriwa karibu kila msimu: kurejea, kurejesha, kurejeshwa, kurudi nyumbani. Nimesoma habari zenye tafsiri zote nne ndani ya aya tatu, kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja hata kidogo.

Hoja yangu naiweka mezani mapema. "Repatriation" ni nomino inayomruhusu msemaji kutaja safari ya mtu bila kusema kama mtu huyo alikwenda au alipelekwa. Kiswahili hakina kichaka cha namna hiyo. Tukitafsiri vizuri, lugha yetu inamlazimisha msemaji aseme nani alifanya nini. Tukitafsiri ovyo, tunaipoteza nguvu hiyo bure, na wanaolipia ni watu wengine kabisa.

Neno lililogeuzwa

Ndani ya neno hili kuna "patria", yaani nchi ya baba, kutoka Kilatini "pater", baba. Kiambishi "re" ni kurudia au kurudi. Jambo la kuvutia ni kwamba Kilatini cha zamani za mwishomwisho kilikuwa na kitenzi "repatriare", na maana yake ilikuwa kurudi kwenu. Yaani wewe mwenyewe ndiye unayerudi, kwa miguu yako. Hakuna anayekupakia. Kitenzi hichohicho kilipita katika Kifaransa cha kale kikazaa "repair" ya Kiingereza, si ile ya kutengeneza baiskeli, bali ile ya kizamani yenye maana ya kuelekea mahali au kurejea mahali.

Kiingereza kilipoliazima upya neno hili katika karne ya 17, kililigeuza. Siku hizi, ukifungua kamusi ya Kiingereza, "to repatriate" kwanza kabisa ni kumpeleka mtu mwingine nchini kwake. Kamusi zetu za Kiingereza na Kiswahili nazo zimefuata njia hiyo: humpa msomaji kitenzi cha kutendesha, kumrudisha mtu kwao. Kwa hiyo neno lililoanza kama tendo la msafiri limeishia kuwa tendo la mwenye gari.

Na mwenye gari habebi watu peke yao. Angalia vitu vingine vinavyotumia kitenzi hichohicho. Kampuni ya kigeni "ina-repatriate" faida yake kutoka Dar es Salaam kwenda makao makuu. Familia iliyofiwa ughaibuni inachangishana ili "ku-repatriate" maiti. Makumbusho ya Ulaya yanadaiwa "ku-repatriate" mafuvu, likiwemo la Mangi Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani Machi 1900 na ambaye uzao wake wameendelea kukitafuta kichwa chake Ujerumani. Faida, maiti, fuvu, mkimbizi: sarufi ya Kiingereza imewaweka kwenye foleni moja. Watatu wa kwanza hawana la kusema kuhusu safari yao. Wa nne analo, na ndiyo maana Kiingereza chenyewe kimelazimika kumtafutia neno "repatriation" fimbo ya kutembelea: "voluntary". Hakuna anayesema faida imerudi kwa hiari.

Herufi mbili

Sasa hebu tuliangalie jambo hili kwa Kiswahili.

Mkimbizi amerudi.
Mkimbizi amerudishwa.
Serikali imemrudisha mkimbizi.

Mtoto wa darasa la nne anajua kwamba sentensi hizi hazisemi kitu kimoja. Tofauti yote imebebwa na herufi mbili, "sh", ambazo wanasarufi huziita mnyambuliko wa kutendesha. Zikiwepo, kuna mtu wa pili anayesababisha. Zisipokuwepo, mwenye safari ndiye mwenye tendo. Hata nomino zetu haziwezi kukwepa: urejeaji ni wa anayerejea, urejeshaji ni wa anayerejesha, urejeshwaji ni wa anayetendwa. Chukua sentensi ya kawaida kabisa ya Kiingereza, kwamba "repatriation" ya wakimbizi inaendelea, uitafsiri. Lazima uchague: kurudi kwao kunaendelea, au kurudishwa kwao kunaendelea. Sentensi ya tatu ya kukaa katikati haipo.

Basi tazama tunavyoandika kwenye magazeti na redio: "zoezi la kuwarejesha wakimbizi kwa hiari". Nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba haishtui tena. Lakini isome polepole. Kitenzi ni kuwarejesha, kwa hiyo mtendaji ni mwingine na wakimbizi ni watendwa. Halafu kwa hiari. Hiari ya nani? Jaribu sentensi ya nyumbani: "Baba alimrudisha mtoto shuleni kwa hiari." Msikilizaji yeyote ataelewa kwamba hiari hapo ni ya baba, kwamba hakuna aliyemlazimisha baba. Mtoto anaweza kuwa alilia njia nzima. Kisarufi, serikali inayowarejesha wakimbizi kwa hiari ni serikali inayofanya hivyo kwa hiari ya serikali. Tulitaka kusema jambo moja, tukasema kinyume chake, na hakuna aliyegutuka.

Na lile neno "zoezi" nalo lina kesi ya kujibu. Sensa ni zoezi. Chanjo ni zoezi. Mtu kurudi kwenye kaburi la mama yake na shamba la baba yake baada ya miaka 10 si zoezi, isipokuwa kwa yule anayehesabu mabasi.

Waha walilijua mapema

Mtu anaweza kudhani neno hili lilianza kutuhusu Warundi walipovuka mpaka. Hapana. Waha walikuwa watendwa wake kabla ya hapo.

Wakati wa Waingereza, vijana wa Kasulu na Kibondo walikwenda kwa maelfu kwenye mashamba ya mkonge. Hii ndiyo "kwenda manamba" ya wazee wetu, neno lililotokana na namba waliyopewa wafanyakazi. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha shirika lao la kuajiri, lililojulikana kama SILABU, na Buha ikawa moja ya sehemu za kuvunia watu. Katika mfumo wa mikataba ya aina hiyo, kumrudisha mfanyakazi kwao mkataba ukiisha lilikuwa sharti la mwajiri, na neno la kisheria lilikuwa hilohilo. Kwa upande mmoja ilikuwa haki: kijana asiachwe Tanga bila nauli. Kwa upande mwingine ilikuwa dawa ya hofu ya mkoloni, kwamba mtu huyu akibaki atazoea mji, atadai mshahara wa mji, na Buha haitazalisha manamba wengine.

Dar es Salaam nako, sheria ya kuwaondoa mjini waliohesabiwa kuwa hawatakiwi ilitumika kuwakamata vijana wasio na kazi, "wahuni" kama walivyoitwa, na kuwapeleka wilayani kwao. Makaratasi ya serikali yaliita hatua hiyo "repatriation". Kijana wa Tanganyika, akiwa ndani ya Tanganyika, anarudishwa "nchi ya baba". Hapo "patria" ilimaanisha wilaya, na aliyeamua mipaka yake alikuwa ofisa.

Naleta historia hii kwa sababu inaonyesha kwamba kuchanganyika kwa ulinzi na kufukuzwa ndani ya neno hili si jambo la juzi. Limekuwa likibeba vyote viwili muda wote. Nauli ya haki na amri ya kuondoka zilikaa katika neno moja, na aliyepanda treni ndiye pekee aliyejua amebebwa na lipi.

Ibara ya tano

Mwaka 1969, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mjini Addis Ababa mkataba wake kuhusu wakimbizi. Ibara ya tano inahusu jambo hili moja, na nashauri kila anayependa uhakiki wa matini aisome kama anavyosoma shairi, kwa kufuatilia vitenzi.

Kifungu cha kwanza kinaweka msingi: hiari iheshimiwe kila mara, na mkimbizi yeyote asirudishwe bila kutaka. Kitenzi hapo ni cha kutendwa. Kifungu cha pili kinazungumzia wakimbizi wanaoomba: tayari wamekuwa na sauti, ingawa ni ya kuomba. Cha nne kinawataja wanaorudi kwa hiari, na kusema wasiadhibiwe kwa sababu waliondoka. Cha tano kinawataja wanaoamua kwa uhuru kurudi. Ndani ya ibara moja mkimbizi anatoka kuwa mtendwa anayekingwa hadi kuwa mtu anayeamua. Na kadiri anavyozidi kuwa mtendaji, neno "repatriation" linazidi kuachwa, linachukuliwa neno jepesi la Kiingereza lenye maana ya kurudi tu. Sijui waandishi walikusudia hilo au la, na kwa mhakiki haijalishi. Matini yenyewe inakiri: ukitaka kumwonyesha mtu akiwa na uamuzi, lile neno kubwa halikufai.

Kifungu hicho cha tano kinataja pia wanaorudi kwa kuamini hakikisho walizopewa. Hapo nakumbuka kisa kimoja cha jirani. Ntare ni jina la watawala pande zote mbili za mpaka wetu. Heru ilikuwa na mwami wake, na katika miaka ya mwisho ya ukoloni alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Burundi ilikuwa na Ntare V, aliyepinduliwa Novemba 1966 na Michel Micombero, akaishi uhamishoni Ulaya. Machi 1972 alifika Uganda. Idi Amin akapata ahadi ya Micombero kwamba kijana huyo akirudi kama raia wa kawaida hataguswa. Akarushwa nyumbani kwa helikopta. Alipofika akakamatwa, na mwishoni mwa Aprili akauawa Gitega. Katika wiki hizohizo mauaji makubwa yalianza Burundi, na maelfu wakakimbilia upande wetu.

Je, Ntare alirudi au alirudishwa? Kwa Kiingereza unaweza kuandika "repatriation" ya Ntare V na usibanwe na swali hilo. Kwa Kiswahili utabanwa kwenye kitenzi cha kwanza.

Hiari inapoondoka

Miaka iliyofuata ilitupa mifano mingi ya namna neno linavyoweza kubaki palepale huku maana ikihama.

Desemba 1996, serikali yetu na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, zilitoa tamko la pamoja kwamba Wanyarwanda wote waliokuwa Tanzania walitarajiwa kuwa wamerudi kwao ifikapo Desemba 31. Wengi waliondoka kambini kuelekea ndani zaidi ya Tanzania, wakageuzwa na wanajeshi kuelekea Rusumo. Kitenzi "kutarajiwa" kilifanya kazi kubwa sana mwezi ule.

Mwaka 2012 ikaja zamu ya kambi ya Mtabila, hapahapa Kasulu. Baada ya mahojiano, wengi wa Warundi waliokuwa wamebaki waliambiwa hawahitaji tena ulinzi wa ukimbizi, na kambi ikafungwa Desemba. Zaidi ya watu 30,000 walivuka. Hapa naona uaminifu fulani wa lugha: wahusika hawakuliita tukio hilo la hiari. Waliliita kurudi kwa utaratibu. Kivumishi kilibadilishwa, na kwa msomaji makini kivumishi hicho kilisema kila kitu.

Kisha 2015 watu wakakimbia tena, Nduta ikafunguliwa upya, Mtendeli ikafuata. Kuanzia Septemba 2017 safari za kurudi zikaanza, na zaidi ya watu 100,000 wamerudi katika miaka iliyofuata. Agosti 2019 serikali mbili zilikubaliana wakimbizi waanze kurudishwa wote kuanzia Oktoba. UNHCR ikajibu kwamba hali ya Burundi bado haikuruhusu kuhamasisha watu warudi, ingawa ilikuwa ikiwezesha walioamua wenyewe. Kuwezesha na kuhamasisha: katika lugha ya kidiplomasia hizo ni sera mbili tofauti kabisa. Kwa mtu aliye kambini, soko linapofungwa na mgao wa chakula unapopunguzwa, si rahisi kuonyesha mstari kati yake uko wapi.

Ndipo tunarudi kwenye neno hiari. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kuchagua. Kuchagua kunahitaji angalau vitu viwili. Anayejiandikisha kurudi hujaza fomu: majina ya familia, wanakotoka, wanakokwenda, na tamko kwamba anakwenda kwa hiari, kwa sahihi au dole gumba. Fomu inathibitisha kwamba mtu ametia dole. Haiwezi kuthibitisha kwamba mezani palikuwa na kitu cha pili.

Kinyume cha kukimbia

Kirundi ni ndugu wa karibu sana wa Kiha, karibu kiasi kwamba bibi wa Heru Juu na mama wa Makamba hawahitaji mkalimani. Kirundi kinasemaje?

Kukimbia nchi ni "guhunga". Kurudi kutoka ukimbizini ni "guhunguka". Angalia vizuri. Hicho ni kitenzi kilekile cha kukimbia, kilichopewa kiambishi cha kutendua. Ni kama kwetu funga na funguka, ziba na zibuka. Yaani kurudi ni kukimbia kulikofunguka. Hakuna "nchi ya baba" ndani yake, wala hakuna mpakiaji. Lililopo ni tendo la hofu lililotenduliwa, na limetenduliwa ndani ya mtu yuleyule aliyekuwa amekimbia.

Kwa maoni yangu hii ni falsafa bora kuliko ya Kilatini na Kiingereza kwa pamoja. "Repatriation" inauliza: nchi ya mtu huyu ni ipi? Ikishapata jibu, inajua pa kumpeleka. "Guhunguka" inauliza: kilichomkimbiza kimekwisha? Kama hakijakwisha, mtu anaweza kuwa amevuka mpaka, amepokewa na amepewa kifurushi, lakini kwa neno la kwao hajahunguka. Ushahidi tunao hapa mkoani: wapo waliorudi Burundi wakavuka tena kuja kwetu, wengine mara ya pili, wengine ya tatu. Katika hesabu za Kiingereza kila safari ilikamilika. Katika Kirundi haikuwa imeanza.

Kwao ni wapi?

Swali la nchi ya baba lina upande ambao sisi wa Buha tunaujua kwenye ngozi. Kabla ya vita kuu ya kwanza, Buha, Burundi na Rwanda zote zilikuwa ndani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 1919 Wabelgiji na Waingereza waligawana, kwa makubaliano ya Orts na Milner, na hata hivyo Kigoma ilibaki mikononi mwa Wabelgiji hadi 1921. Mpaka ulipita katikati ya watu wanaoelewana, wanaooana na wanaobeba majina yanayofanana.

Matokeo yake, Muha akifika mjini na jina lake na lafudhi yake huulizwa uraia mapema kuliko mwenzake wa Moshi au Tanga. Wabunge wa Kigoma wamelisema hili bungeni. Septemba 2013, katika Operesheni Kimbunga iliyolenga wahamiaji haramu Kagera, Geita na Kigoma, miongoni mwa walioondolewa walikuwemo watu waliokaa miongo mingi, waliooa na kuzaa hapa. Amri haikuwa na Kilatini. Ilikuwa fupi: rudi kwenu. Lakini mantiki ni ileile ya "patria", kwamba kila mtu ana sehemu moja tu halali, na kuna anayeijua kuliko yeye.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti wake kwa wakimbizi wa Kirundi Mishamo na mjini Kigoma, aliwahi kukosoa tabia hii ya kuwafikiria watu kama miti yenye mizizi katika udongo mmoja. Aliona kwamba waliokuwa mjini Kigoma na waliokuwa kambini hawakuielewa "nchi yetu" kwa namna moja. Na serikali yetu yenyewe imewahi kutoa jibu jingine: wakimbizi wa 1972 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipoulizwa, wengi walichagua uraia wa Tanzania, na zaidi ya 160,000 wakapewa. Hapo hiari ilikuwa na vitu viwili mezani, na tazama walivyochagua.

Methali zetu zinalijua pambano hili. Moja inasema mkataa kwao mtumwa. Nyingine inasema hiari yashinda utumwa. Mara nyingi tunazitumia kana kwamba hazijawahi kukutana. Kambini zinakutana. Aliyezaliwa Nyarugusu mwaka 1997 kwa wazazi wa Kikongo, akasoma hapo, akaoa hapo, kwao ni wapi? Ya kwanza itamwita mtumwa akisema hapa. Ya pili itamtetea. Kiswahili hakisemi "nchi ya baba", kinasema kwetu, kwenu, kwao, na maneno hayo yanaelekeza kwa watu, si kwa udongo. Kwetu ni waliko wetu.

Pingamizi, na jibu

Najua nitaambiwa nakuza mambo. Ofisi inahitaji istilahi, ripoti haiwezi kusubiri falsafa, na isitoshe wapo wengi waliorudi kwa furaha, wakiimba juu ya basi. Kweli kabisa. Pia ni kweli kwamba wananchi wa Kasulu na Kibondo wamebeba mzigo: kuni, maji, mashamba, misitu iliyokwisha. Kutaka wageni warudi kwao si ukatili wenyewe, na haki ya mtu kurudi nchini kwake ni haki kubwa.

Lakini hiyo ni sababu ya kuandika kwa usahihi zaidi. Aliyerudi akiimba anastahili kitenzi chake: amerudi. Tukimwandika kuwa amerejeshwa kwa hiari, tunamnyang'anya uamuzi wake na kumpa mwenye basi. Na aliyetolewa anastahili chake pia: amerudishwa. Tukimwandika kuwa amerejea, tunawasaidia waliomtoa.

Kwa hiyo kwa watafsiri na waandishi wenzangu nina pendekezo dogo. Ukikutana na "repatriation", usikimbilie kamusi. Uliza kwanza nani alianza safari. Kama ni mwenyewe, andika kurudi au kurejea, na hiari itakaa vizuri pembeni yake. Kama ni serikali, andika kurudisha, uitaje serikali, na uliache neno hiari mpaka mtu akuonyeshe lilipo. Kama hujui, usifiche kutojua kwako ndani ya nomino ndefu: andika kwamba mabasi 10 yalivuka Manyovu, na kwamba hukuruhusiwa kuzungumza na waliokuwa ndani. Msomaji wa Kasulu atajua la kufanya na taarifa hiyo.